Saa Moja Niliyoiongeza

Kiangazi chote, kabla sijagusa uji wangu, nilikuwa nasimama mbele ya jokofu na kusoma maji. Kijitabu cha kujaa na kupwa kilining'inia pale kwa uzi, na Babu Everett, aliyekuwa akichimba chaza tangu ujana wake, hakuvaa viatu vya mpira mpaka nimwambie saa. Kijitabu chetu ni cha kizamani. Kwetu saa zote husogezwa mbele saa moja kiangazi na kurudishwa nyuma baridi ikikaribia, lakini kijitabu kimeandikwa kwa saa za majira ya baridi mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi unaongeza saa moja kichwani. Nilikuwa nimeongeza hiyo saa moja siku zote, tangu shule zilipofungwa, na sikuwahi kukosea. Babu alinisifu kwa kila mtu, nami nikavimba kichwa.

Mwanzoni mwa Novemba, majani yalipokuwa yamebaki machache mitini, Mama alitupakia garini mimi, kaka yangu Colby na Babu, twende kuzunguka miji ya pwani kwa siku mbili. Jumamosi tuliona ngome, nyumba za manahodha wa zamani na makaburi mengi kuliko nilivyotaka. Jumapili asubuhi tukafika kwenye kisiwa cha Hadlock, chenye mnara wa taa wa miaka mia mbili. Hakina daraja. Maji yakipwa, unavuka kwa miguu juu ya fungu la mchanga na kokoto. Yakijaa, njia hakuna.

"Msoma maji, tuna mpaka saa ngapi?" Babu aliuliza.

Nilifungua kijitabu, nilichokuwa nimekuja nacho mfukoni. Fungu lilikuwa linafunikwa saa sita na nusu. Nikaongeza saa moja. "Saa saba na nusu," nilisema bila kusita.

"Usije ukatuzamisha, profesa," Colby alisema.

"Nani alifeli hesabu mwaka jana, mimi au wewe?"

"Haya, haya, tembeeni," Mama alisema. Tukaacha kikapu cha chakula garini, kwa kuwa tungerudi kula.

Mnara ulikuwa juu ya kilima na goti la Babu ni bovu, kwa hiyo tulipanda polepole. Tulipofika, Mama aliinua mkono wake akacheka. "Hii saa yangu bado ni ya jana! Nimesahau kuwa usiku saa zimerudishwa nyuma." Akazungusha kitufe. "Sasa ni saa sita na dakika tano."

Ndipo nilipoelewa kosa langu. Saa za kiangazi zilikwisha usiku ule. Hapakuwa na saa ya kuongeza. Fungu lingefunikwa saa sita na nusu kama kilivyosema kijitabu, na kushuka kile kilima kulitaka robo saa nzima.

Ningeweza kusema palepale, na tungewahi. Lakini Colby alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na asubuhi ile ile Babu alikuwa amemwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba mjukuu wake anasoma maji kuliko wavuvi. Niliona aibu. Nikasema, "Twendeni basi, nasikia njaa."

"Ndiyo kwanza tumefika!" Mama alisema.

"Nasikia baridi pia."

"Una njaa au una baridi? Chagua moja," Colby alisema, na wote wakacheka. Babu alikaa kwenye benchi kupumzisha goti, akaanza kueleza jinsi walinzi wa taa walivyokuwa wakibeba mafuta kwa ndoo. Sikusikia neno. Niliikodolea macho saa ya Mama, na kila dakika iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kufungua mdomo. Nilikuwa nimejifungia ndani na funguo ninazo mwenyewe.

Tulifika chini karibu saa saba kasoro dakika kumi. Maji yalikuwa yanakatiza juu ya fungu kutoka pande zote mbili. Gari letu lilionekana ng'ambo, dogo na jekundu.

Babu alikaa kwenye jiwe. Nikaona vidole vyake vinatetemeka. Ana kisukari, alikuwa amejichoma sindano asubuhi, na asipokula mchana, sukari humshuka.

"Baba, unajisikiaje?" Mama aliuliza.

"Naona kizunguzungu kidogo. Si kitu."

Mama alianza kuvua viatu. "Nakwenda kuchukua kikapu. Maren amesema mpaka saa saba na nusu, kwa hiyo haya ni mawimbi tu. Fungu liko hapo hapo chini." Akaingia. Maji ya Novemba yanauma kama meno. Yalifika magotini, na nikaona mkondo ukimsukuma pembeni.

"Mama, rudi!" nilipiga kelele. "Si mawimbi! Niliongeza saa ambayo leo haipo! Fungu limeshafunikwa, na maji bado yanapanda!"

Aligeuka akarudi, ameshika mwamba, midomo imebadilika rangi. "Ulijua lini?"

Nilianza kulia. "Kule juu. Uliporekebisha saa yako."

Colby hakunicheka. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa pipi alizokusanya juma lile, usiku ambao watoto huvaa vinyago na kugonga milango ya watu kuomba pipi. Ana miaka kumi na minne, anajiona mkubwa mno kwa mambo hayo, na alikuwa ametuapia kwamba hakwenda. "Msiniulize kitu," alisema, akamfungulia Babu moja, kisha ya pili. Mama akapiga simu bandarini.

Bi Thelma, mvuvi wa kambamti, alitufikia baada ya nusu saa na mashua yake yenye harufu ya chambo. Vidole vya Babu vilikuwa vimetulia. Bi Thelma alituangalia mmoja mmoja. "Nani aliwasomea maji?"

Mama alitazama pembeni. Babu alikohoa, na nikajua anataka kunifichia.

"Mimi," nilisema. "Nilikosea, halafu nikanyamaza."

Bi Thelma aliguna tu, akawasha injini.

Babu alinivuta nikae karibu naye. Hakutabasamu. "Maren, saa ile niliwahi kuikosea hata mimi, na baba yangu pia. Kwa kosa lile sina neno nawe. Lakini tulikuwa na dakika ishirini na tano za kutembea tukarudi wakavu, nawe ulizitumia kulinda jina lako. Mama yako angezama kwa ajili ya jina hilo. Ukikosea, sema wakati kusema bado kunasaidia."

"Nisamehe, Babu."

"Mwombe mama yako. Ndiye aliyeingia majini."

Mama alikuwa amejifunika blanketi la Bi Thelma, miguu mitupu, akitetemeka. Nilivua soksi zangu za sufu, nikapiga magoti kwenye sakafu ya mashua na kumvika.