Jagi la Uji

Kila asubuhi Ghati alitoka nyumbani na kidumu cha maji kichwani, mdogo wake Simioni akimfuata na ukuni kwapani. Ndivyo shule yao ndogo, jirani na kijiji cha Nyangoto, ilivyopika uji: kila mwanafunzi alileta kitu. Simioni alikuwa darasa la kwanza, na kwa habari ya uji hakuwa na mzaha. Kengele ya mapumziko ikilia, kikombe chake cha bluu ndicho kilichotangulia kwenye foleni.

Siku hiyo mfuko wa Ghati ulikuwa na kitu kingine. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na Mwalimu Jenipha aliwaagiza darasa la tano walete vitu vya kona ya sayansi. Jana yake Masanja alikuwa ameleta kiota cha mnana, darasa zima likamzunguka. Ghati hakupenda kushindwa hata kidogo. Basi akachukua kichupa cha zebaki kilichofichwa chini ya kitanda cha baba yake, mzee Wangwe, mwosha dhahabu aliyeitumia kunasia chembe za dhahabu. Baba alikuwa amemkanya tena na tena: "Zebaki si mchezo. Ni sumu hiyo."

Lakini jinsi ilivyong'aa!

"Kiota chako hakitembei," Ghati alimwambia Masanja nyuma ya jiko la shule. "Ona hii sasa."

Alichukua jagi la plastiki lililoanikwa kichanjani, akamimina zebaki ndani. Ikakimbia huku na huku, ikagawanyika, ikaungana tena.

"Haki ya Mungu, inatembea kama mdudu!" Masanja akasema.

"Nani huyo na jagi langu?" Ilikuwa sauti ya Mama Boke, mpishi. Ghati akairudisha zebaki kichupani haraka haraka. Mama Boke akalinyakua jagi, akaenda zake akinung'unika. Ghati alipokiinua kichupa kwenye mwanga, akakitazama mara mbili. Zebaki ilikuwa imepungua.

"Nyingine imebaki kwenye jagi," Masanja alinong'ona. "Kamwambie."

"Ukisema neno, urafiki wetu basi."

Kipindi cha hisabati Ghati hakusikia kitu. Alijua jagi lile ndilo lililotumika kila siku kupimia maji ya uji, na kuugawa. Alijiambia kwamba Mama Boke atalisuuza. Alijiambia kwamba labda zebaki ilimwagika nyasini. Kisha akaifikiria fimbo ya baba yake, akazidi kukaza mdomo.

Harufu ya uji ikaingia dirishani. Kengele ikagongwa. Watoto wa darasa la kwanza wakatimka kuelekea jikoni, na mbele yao wote alikuwa Simioni, kikombe juu.

Ghati hakuomba ruhusa. Alitoka mbio, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Simioni, usinywe! Mama Boke, usimimine! Jagi lina zebaki!"

Mama Boke aliganda, jagi limeinama juu ya kikombe cha bluu. "Unasemaje, we Ghati?"

"Niliweka zebaki humo asubuhi. Ni mimi."

Mwalimu Jenipha alifika akihema. Aliwarudisha watoto nyuma, akamwambia mpishi atue jagi polepole. "Ulipimia maji kwa jagi hili?"

"Yote, mwalimu," Mama Boke akajibu.

"Basi uji huu hanywi mtu."

Jiko likafungwa, afisa afya wa kata akapigiwa simu. Watoto walikaa na vikombe vitupu wakimtazama Ghati, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Afisa afya alivaa glavu na barakoa, akaupunguza uji taratibu. Chini kabisa ya sufuria kitone kikang'aa na kuteleza. Simioni alichungulia kutoka mbali, akakificha kikombe chake mgongoni. Mama Boke alipelekwa zahanati, maana hata mvuke wa zebaki ni sumu. Mpaka aliporudi jioni akiwa mzima, Ghati hakula wala hakunywa.

Mzee Wangwe aliitwa shuleni. Ghati alisubiri kipigo. "Tata, nisamehe," alisema akilia.

Baba yake hakuinua mkono. "Nilikukataza," akasema, "halafu mimi mwenyewe nikaiweka ndani ya nyumba mnamolala. Hapo nimekosa mimi. Leo hii zebaki inatoka."

Mwalimu Jenipha akamshika Ghati bega. "Asubuhi ulifanya utundu kwa kutaka sifa. Kosa kubwa ni kukaa kimya mpaka kengele ikalia. Utakosea tena, kila mtu hukosea. Ila siku hiyo usiingoje kengele. Sema papo hapo, hata kama utapigwa, hata kama utachekwa. Aibu ungeipata na ingekwisha. Mdogo wako angedhurika, ungemwambia nini mama yenu?"



Uji ulipopikwa tena, Mama Boke alikuwa na jagi jipya na sufuria mpya. Simioni alikuwa wa kwanza kama kawaida, lakini hakunyoosha kikombe. Alimgeukia dada yake.

"Ghati, ninywe?"

Ghati akaenda mpaka jikoni, akaomba jagi, akalitazama ndani vizuri. Ndipo akasema, "Kunywa."