Kwa Nini Masoudi Anamkimbia Mama?

"Umeona?" Eva alimnong'oneza rafiki yake Shamimu.

"Nimeona nini?"

"Mama yako kaingia mlango wa mbele, Masoudi katokea wa uani. Na nyumba ni yake."

Shamimu aligeuza shingo. Kweli, kigoda cha Masoudi kilikuwa kitupu na chai yake bado inafuka. Bi Biasha, mama yake Shamimu, alikuwa ameshajipenyeza hadi mbele, akaketi mkekani na kuuliza Wasenegali ni wepi kati ya hao wanaokimbia.

Ilikuwa siku ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 2002. Mpira ulichezwa Korea na Japani, watu wa kijiji cha Likunja wakautazama mchana kweupe kwa Masoudi, fundi redio, mwenye televisheni, jenereta na dishi kubwa la wavu alilolitoa Nachingwea. Ufuta ulikuwa umekatwa, umesimamishwa shambani ukauke, na kila mwenye akili alijua kwamba ukichelewa kuukung'uta unapasuka na kumwaga mbegu zote chini. Lakini nani alikuwa na akili mwezi ule? Senegal ilipoifunga Ufaransa, Bi Biasha, mtu mzima ambaye hakuwahi kuuliza habari za mpira, alirusha kanga yake juu. Tangu siku hiyo hakukosa mechi.

Na Masoudi hakuona hata moja. Bolti ya dishi ilikuwa imelegea, upepo ukivuma picha inaingia chenga, basi yeye akasema lazima akalishike. Vijana walijaa tele na yeyote angeweza kulishika, lakini hakumpa mtu. Alisimama nyuma ya nyumba akiulizia matokeo kama mpita njia. Bi Biasha akitoka kupunga upepo, yeye anazunguka upande wa pili. Siku moja walikutana kisimani, Masoudi akaitupa baiskeli na kupotelea kwenye mikorosho. Wazee waliokuwa pale walitazamana, wakacheka kimya kimya.

Shamimu hakucheka. Alikuwa anampenda yule kijana, na alikuwa na kila sababu ya kudhani anapendwa. Masoudi alikuwa amemtengenezea redio mara tatu, na mara mbili redio haikuwa mbovu. Jioni alimsindikiza hadi njia panda wakizungumza habari zote za dunia, isipokuwa ile moja.

"Anamdharau mama," alimwambia Eva. "Mama ni Mmakua wa Msumbiji, watu wanakicheka Kiswahili chake. Anaona haya kukaa naye."

"Si umuulize?"

"Nimuulize kama nani?"

Ingekuwa mchezo tu kama asingekuwapo Mikidadi. Huyu alikuwa mnunuzi wa korosho wa Nachingwea, mwenye pikipiki na nyumba ya bati, na washenga wake walikuwa wameshafika kwa mjomba Jumanne, maana kwa mila zao mjomba ndiye msemaji wa mpwa wake. Mjomba aliwaambia wafuate jibu Jumamosi jioni, Senegal ikishamalizana na Uturuki. Kabla ya hapo, alisema, hana masikio ya kumsikiliza mtu.

Ijumaa Shamimu alimwomba mama yake ushauri. Bi Biasha aliacha kupepeta ufuta, akamtazama kwa muda, kama anayengoja kitu.

"Huna la kuniambia, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Basi na mie sina. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, hapana."

Jumamosi ikafika. Dakika tisini zikaisha bila bao, wakaingia muda wa nyongeza, na mjomba Jumanne akawaeleza wasiojua kwamba sasa ni bao la dhahabu. Atakayefunga kwanza ndiye mshindi, hakuna kurudisha. Shamimu alitazama saa ya ukutani. Washenga wa Mikidadi wangefika muda si mrefu, na yeye hakuwa na jibu isipokuwa ndiyo, kwa kukosa la kusema. Akainuka. Watu wakamfokea aketi, anawaziba. Akawaruka, akatokea mlango wa uani.

Masoudi alikuwa amelikumbatia dishi kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Bado sifuri. Masoudi, mama yangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mbona unamkimbia? Akiingia unatoka. Akienda kisimani unakimbilia porini. Kama unamdharau, niambie leo, maana jioni hii mjomba anatoa jibu kwa Mikidadi."

Masoudi alilikaza dishi kifuani.

"Nimdharau? Shamimu, umewahi kuona wapi mtu anakaa mkeka mmoja na mama mkwe wake, wanatazamana machoni?"

Mila hiyo Shamimu aliijua tangu utotoni. Asichokijua ni nani aliyemfanya huyu kuwa mkwe.

"Posa hujaleta. Mimi mwenyewe hujaniambia neno."

"Kwako ulimi ulikuwa mzito. Lakini mama yako nimkodolee macho, halafu kesho nije kumwomba binti yake? Nimekuwa namheshimu hata kabla ya posa."

"Sasa niambie na mimi."

"Nakupenda. Nataka kukuoa."

Akalisema hilo kwa mikono miwili, akasahau kwamba yote miwili ilikuwa ya kushikia dishi. Dishi likageuka na upepo. Ndani pakalipuka kelele. Picha iliporudi, Waturuki walikuwa wamelaliana kwa furaha na Senegal imetoka. Bao lenyewe hakuna aliyeliona.

Mjomba Jumanne alitoka mbio.

"Nani kaachia dishi?"

"Ni mimi, mjomba," alisema Shamimu. "Nilimuuliza kwa nini anamkimbia mama."

Mjomba alimtazama mpwa wake, akamtazama Masoudi, hasira ikamwishia njiani.

"Kumbe ulikuwa hujui? Kijiji kizima kinajua tangu mechi ya Ufaransa. Mie nikadhani mmeshakubaliana, nangoja tu uniambie Mikidadi hapana."

Sauti ya Bi Biasha ilisikika dirishani, na Masoudi akajificha nyuma ya dishi.

"Shamimu, mwambie huyo bwana alete mshenga kesho. Na dishi alifunge waya. Jumatano Brazil wanacheza, mie nakuja."

Washenga wa Mikidadi walipewa maji ya kunywa na jibu la heshima. Ndoa ya Shamimu na Masoudi ilifungwa mavuno yalipokwisha, ingawa robo ya ufuta wa mjomba ilibaki shambani kwa ajili ya ndege.

Lakini wanaosimulia huisimulia zaidi ile Jumatano. Bi Biasha alifika mapema, akauvuta mkeka wake hadi pembeni, akaupa mgongo upande wa dirisha la uani, akajifunika kanga kichwani. Mpira mzima hakugeuka, hata Brazil walipofunga. Nje ya dirisha lile, dishi likiwa limeshafungwa waya, Masoudi alisimama na Shamimu kando yake, akaiona mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.