Mtoto Asiyeitwa

Ilikuwa siku ya tatu mtoto hajalia, na Nicanora akamwambia mkwewe ashukuru. "Umepata mpole, mwanangu. Baba yake alitutoa roho."

Eufrasia hakuwa na nguvu ya kubisha. Mtoto alinyonya kutwa bila kushiba, akawa mzito kama jiwe la kusagia, na mwili wake ulinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Aliyekonda ni mama.

Siku ya tisa, adhuhuri, akiwapelekea nguruwe maganda ya mahindi, alisikia kitoto kikilia ndani ya kibanda cha mvuke, ambamo Nicanora alikuwa akimkanda yeye tangu ajifungue. Mawe yanayopashwa moto humo yalikuwa yamekwisha kupoa. Mwanawe alikuwa mgongoni, macho wazi, akisikiliza.

"Mama," alinong'ona alipofika jikoni, "siku ile ya kwanza tuliyotoka naye kukandwa, ulituita?"

"Nilikuita. 'Eufrasia, twende, usibaki.' Nikafagia kwa majani, roho yako isibaki humo."

"Na yeye?"

Nicanora akaketi. "Ningemwitaje? Hana jina."

Jina lilimngoja baba wa ubatizo, aliyekuwa kaskazini akichuma nyanya.

Mganga Wenceslao alikuja na yai na tumbaku. "Bibi mzima wewe!" akamkemea Nicanora. "Hata mbwa, ukiondoka mahali, unamwita." Kisha akamgeukia mzazi. "Mpe jina sasa hivi, lolote utakalo. Mwite mara moja tu. Ukimaliza, funga mdomo; yeyote utakayempa jina atakufuata."

Eufrasia akapiga magoti mlangoni pa kibanda, ambamo giza lilipumua joto ingawa hapakuwa na moto, huku kile alichokipakata kikimng'ata titi kwa ufizi mgumu na kuzidi kumlemea, na kule ndani kilio kikififia kama cha mtoto anayebebwa kupelekwa mbali, naye akakusanya nguvu zilizosalia, akaita, "Hilarión, twende nyumbani, usibaki!"

Kilio kikakoma. Titi likaachiwa. Mikononi mwake mtoto, mwepesi kama kifaranga, akaangua kilio kikali.

Nicanora akacheka huku machozi yakimtoka. "Huyo ndiye! Sauti ya baba yake!"

Ndipo mtu akakohoa kibandani, taratibu, kama mzee aliyengoja zamu yake siku nyingi.

"Na mimi, mama?" akauliza. "Mimi naitwa nani?"

Sauti ile ilikuwa imechoka, imechoka kumshinda Eufrasia mwenyewe, naye akaihurumia. Nicanora akamziba mdomo kwa kiganja, akakandamiza. Na chini ya kiganja akahisi midomo ya mkwewe ikitengeneza jina.