Dirisha Lisilotanuka

Faili la akiba ya damu lilikuwa na kasoro moja: lilifunguka ndani ya kidirisha kidogo kwenye pembe ya kioo cha kompyuta, na kidirisha hicho hakikuvutika wala kusogea. Karani wa benki ya damu alilirithi hivyo kutoka kwa baba yake mdogo, aliyestaafu akamwachia kiti lakini nywila akakataa kumpa. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba kidirisha hicho kinamtosha.

Hakikumtosha. Asubuhi moja wodi ya wazazi ilipiga simu ikitaka damu ya aina adimu kwa mzazi mmoja, naye karani akabaki anaisaka mstari kwa mstari kama mtu anayechungulia kwenye upenyo wa mlango. Mzazi yule aliponea tundu la sindano. Daktari alifoka, na siku hiyohiyo akaitwa fundi wa kompyuta, baba mmoja mcheshi waliyezoea kumwita Miwani.

Miwani alitazama kidogo, akacheka. Alieleza kwamba kompyuta haina ugonjwa. Aliyelitengeneza faili amelikinga, na katika kulikinga amefunga hata madirisha yake, ndiyo maana vitufe vya kulipanua havionekani. Tena kuna dirisha jingine limefichwa nyuma ya hili.

"Limefichwa kwa nini?" karani aliuliza.

"Hilo muulize aliyeficha. Kazi yangu mimi ni kufungua."

Ulikuwa wakati wa chakula, ukumbi mtupu, jua limesimama utosini. Miwani akiwa bado anahangaika na nywila, karani alisikia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa punde. Alitaka kumzuia, akaona haya. Kinga ikavunjika, na kidirisha kikatanuka taratibu bila mkono wa mtu kugusa kipanya, kikajaa kioo kizima, na nyuma yake likafunguka lile lililofichwa, jeusi tii, halina mstari wala tarakimu, na ndani ya weusi ule ikasikika pumzi, si ya feni wala ya majokofu, bali pumzi nzito ya kitu kilicholala muda mrefu na sasa kinaamka, ikipanda, ikikaribia, mpaka taa zikafifia na Miwani, aliyekuwa ameinamia kioo, akatikisika kama aliyepigwa kofi, kisha akatulia tuli.

Karani alimpigia simu baba yake mdogo. Mzee alifika akihema, hakusalimu. Alimsogeza Miwani kando, akakaa kitini, akanong'ona maneno aliyofundishwa na mganga, akairudisha kinga. Kidirisha kikanywea, harufu ikakatika. Ndipo akasimulia kwamba zamani jini liliingia chumba hiki mchana kama huu, likifuata damu. Mganga alishindwa kulifukuza, akalifungia kwenye kilichokuwa karibu, yaani faili hili. Yeye mzee alinyamaza miaka yote kwa kuogopa kwamba udadisi ungemponza binti huyu wa kaka yake.

"Kwa hiyo yamekwisha, baba?"

Mzee alikazia kioo macho.

"Nimefunga, mwanangu. Lakini ndani hamna kitu."

Wakageuka pamoja. Miwani alikuwa amesimama kwenye jokofu la damu, paji la uso amelibana kwenye mlango wake wa kioo, akiunusa. Bila kuwatazama, aliuliza kwa upole, kwa sauti ya mwanamke, ufunguo uko wapi.