Magogo Hayakupinduliwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kujaza maji. Mwalimu alimimina ndoo kwenye karai na kuweka jiwe katikati ili nyuki wasizame, kama mkewe alivyofanya mpaka homa ilipomlaza. Uwa wote ulikuwa kazi ya marehemu: nyasi zisizofyekwa ili chiriku wapate mbegu, tundu chini ya ukuta la kupitia kalunguyeye, na rundo la magogo yaliyooza, makazi ya kila kitambaacho.

Shemeji yake, ndugu pekee wa mkewe aliyebaki hai, akaingia na kopo la mafuta ya taa.

"Shemeji, hii nyumba au mbuga? Kiingilio utaanza kutoza lini?"

"Acha, shemeji. Ni vya dada yako."

"Na nyoka je? Wakumalize, nikuzike na wewe?"

Akayamwagia magogo mafuta. Marehemu alikuwa na sharti moja: gogo halichomwi kabla ya kupinduliwa, aliyelala chini yake apate kutoka. Mwalimu alifungua kinywa amwambie. Kiberiti kilikuwa kimeshawaka.

Ndani ya rundo, mtu akapiga yowe.

Uso wa shemeji ulisawajika. "Umesikia?"

Yowe likashuka, likawa mnong'ono. Mwalimu aliijua sauti ile; ilikuwa ikimwamsha kila asubuhi.

"Kaka, watoto wangu wamo ndani."

Hawakuwahi kupata mtoto.

Chiriku walishuka kwanza, wadogo, wengi. Wakamwendea shemeji machoni. Alipopiga kelele, nyuki wakamjaa kinywani. Akaanguka. Kalunguyeye wakatoka motoni, miiba ikiwaka, wakajipenyeza chini ya shati lake. Kitu kikamkamata kwapani, kikamburura kuelekea motoni.

Mwalimu alimdaka mguu. Akavuta.

"Mwachie, mke wangu. Ni kaka yako."

Upande wa pili ukavuta zaidi. Mfupa ukaalika. Mwalimu akaanguka chali, ameshika kiatu.

Kiatu kilikuwa kizito.

Asubuhi alifukua majivu kwa koleo. Hakukuta hata jino. Nyayo nyeusi za mwanamke zilitoka majivuni, zikapita jikoni, zikaishia kitandani. Kando yake zilikuwapo nyingine, ndogo ndogo, zisizohesabika. Shuka lilikuwa na joto.

Mwalimu alinawa, akavaa shati safi, akaenda polisi kueleza kwamba mkewe ameua.

"Na yuko wapi sasa?" askari aliuliza.

"Nyumbani," alijibu. "Amelala."