Jicho Mbele ya Mwamba wa Tornkobben

Boti ilianza kurudi nyuma.

Gunvor Sjöblad alikuwa ameshika usukani, injini ikisukuma mbele kwa nguvu zake zote, lakini mwamba uliokuwa kuliani kwao, wenye mabata bahari juu yake, ulikuwa ukiwapita kuelekea omo, mbele ya boti. Akafikicha macho. Mwamba ukazidi kwenda.

"Shemeji!" akapiga kelele dirishani. "Wavu umenasa!"

"Ungenasa tungesimama!" Helmer akajibu kutoka tezini, nyuma ya boti. "Sisi tunavutwa!"

Helmer alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwenye shingo ya fahali na ulimi usiojua kupumzika. Walikuwa wamevua pamoja miaka tisa katika visiwa vya nje, na vuli ile ya mwaka themanini na tatu, pwani nzima ya Uswidi ilipokuwa haina habari nyingine ila nyambizi za kigeni, yeye alikuwa wa kwanza kucheka. "Warusi wamechoka na kabichi," alikuwa akisema, "wanafuata samaki wetu."

Sasa hakucheka. Nyaya mbili za wavu, nene kama kidole gumba, zilikuwa zimekazika zikilia kama nyuzi za fidla, na tezi ilikuwa inazama. Maji yalipanda sitahani.

"Fungua winchi! Legeza nyaya!"

Helmer akaivamia breki ya winchi, mashine ya kuvutia wavu. Ilikuwa imekwama. Akaipiga teke, akaipiga nyundo, kisha akaingiza mkono kuivuta pini. Waya mmoja ukakatika. Gunvor alisikia mlio kama wa bunduki, akamwona shemeji yake akipiga magoti na kuutazama mkono wake wa kushoto kwa mshangao, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Waya wa pili haukukatika. Gunvor alipata nafasi ya kukata kamba ya kidau kilichofungwa juu ya paa, akamkokota Helmer kwa ukosi wa koti, wakaangukia ndani. Redio ilikuwa bado inakoroma chumbani maji yalipoingia. Boti ikasimama wima, omo ikatazama mbingu, ikashuka. Yakabaki mapovu, kreti moja na harufu ya dizeli.

Na chini yao, ndani kabisa, kitu kilikuwa kinadunda polepole. Walikisikia kwa nyayo zao.

"Usiseme kitu," Helmer akanong'ona.

Kasia lilikuwa moja. Ukungu ulikuwa umeshuka, na upepo wa kaskazini ukawasukuma mbali na nyumbani. Gunvor alivua skafu yake, akamfunga shemeji yake juu ya kiwiko, akaikaza kwa kipini cha kisu mpaka damu ikapungua. Vidole viwili havikuwepo. Cha tatu kilikuwepo kwa jina tu.

"Nitapigaje kinanda sasa?"

"Hujawahi kupiga kinanda, Helmer."

"Basi hasara si kubwa."

Walipofika Tornkobben hawakufika kwa hiari, wimbi liliwatupa. Kidau kilipasuka ubavu. Tornkobben ni jiwe tupu, halizidi ua wa nyumba, halina mti wala kichaka. Gunvor alimlaza Helmer kwenye ufa ulioukinga upepo, akavunja mbao za kidau kumfanyia ukuta. Maji ya mvua yalikuwa yametuama kwenye vishimo vya mwamba, yakichanganyika na mavi ya ndege. Waliyanywa kwa kiganja. Usiku ulipita wakiwa wamekumbatiana kama watoto, wakipigana makofi kila mmoja alipotaka kulala.

Kulipopambazuka Helmer aliacha kutetemeka, na hilo likamtisha Gunvor kuliko damu. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya risasi. Alimwita kaka yake aliyekufa, akamwambia afunge mlango.

Ukungu ulipoinuka, Gunvor alikiona.

Kilikuwa umbali wa mitupo miwili au mitatu ya jiwe: mlingoti mmoja mweusi, umesimama majini bila kuyumba, ukiwa na kioo kichwani. Haukuwa na ndege juu yake. Mawimbi yaliuzunguka. Kioo kiligeuka taratibu kikapita bahari, kikapita jiwe, kikarudi. Kikasimama kikimtazama yeye.

Alijitupa chini karibu na Helmer. Aliwaza mambo yote yaliyosemwa mezani na bandarini: kwamba watu wa nyambizi hawaachi shahidi, kwamba wangekuja na kiboti cha mpira na hakuna mtu angejua zaidi ya kwamba boti ilizama kwa upepo.

Helmer alifumbua jicho moja. Akautazama mlingoti kwa muda mrefu.

"Wapungie," akasema.

"Una wazimu? Hao ndio waliotuzamisha!"

"Wana blanketi hao. Wana daktari." Akavuta pumzi. "Dada, mimi nakufa hapa. Wapungie."

Kwa miaka tisa hakuwahi kumwita dada. Gunvor akavua koti lake la mvua la manjano, upepo ukamkata hadi mifupani, akapanda juu ya mwamba na kulipunga. Alipunga kwa mikono miwili. Akapiga kelele kwa lugha yake, kwamba kuna mtu anakufa, kwamba tafadhali.

Kioo hakikutikisika. Kisha kando yake kikainuka kijiti kingine, chembamba kama fito. Vyote viwili vilikaa pale dakika moja, labda mbili. Halafu vikazama, na mstari wa mapovu ukaelekea mashariki, kwenye mlango wa bahari baina ya visiwa viwili.

Gunvor alikaa chini akalia kwa hasira. Aliwatukana matusi ambayo marehemu mume wake hakuwahi kuyasikia.

Haikupita saa moja, helikopta ikatokea, na nyuma yake meli ya doria ya jeshi la majini.

Walimfunika Helmer, wakamchoma sindano, wakamwambia atapona. Gunvor aliketishwa naye chumba cha chini cha meli, chenye vitanda viwili na meza, na mbele yake akaja Luteni Hallin, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, mlikuwa na redio ya mkononi?"

"Tulikuwa na kasia moja."

Luteni alifunga mlango. "Kuna mtu alituita kwenye masafa ya dharura. Kiswidi kibovu, lafudhi ya mbali. Alisema mara mbili: watu wawili, mmoja ameumia, Tornkobben. Kisha kimya." Akainama. "Wiki mbili tunawatafuta, hawajatoa hata chafya. Sasa tunajua wako hapa. Umewaona. Walielekea wapi?"

Gunvor alitazama kitanda cha pili. Helmer alikuwa macho, mkono ukiwa fungu la bendeji, naye alikuwa akimtazama yeye. Juu, helikopta ilikuwa inazunguka na mabomu yake ya kupigia nyambizi.

Alifikiria boti yake iliyo chini ya maji, na vidole vya shemeji yake. Alifikiria pia mtu mmoja asiyemjua, kule ndani ya chuma, aliyeinua mkono akachukua kipaza sauti, huku wenzake wakimkodolea macho.

"Nipe kwanza kahawa," akasema.

"Mama, kila dakika..."

"Sijanywa kitu cha moto tangu jana asubuhi, mwanangu. Akili imeganda."

Kahawa ikaletwa. Aliinywa polepole, akiipuliza, hadi mwisho. Akaomba ya pili, na sukari. Luteni alipiga meza kwa vidole, akatoka, akarudi. Gunvor alikoroga sukari mpaka hapakuwa na kitu cha kukoroga. Akanywa na hiyo. Kisha akafuta mdomo.

"Mashariki," akasema. "Kwenye mlango wa visiwa viwili."

Luteni akakimbia. Helmer akafumba macho, akapumua kwa kina.

Mabomu yalianza baada ya nusu saa, mbali, kama milango inayofungwa katika nyumba kubwa. Gunvor aliyahesabu kumi na moja. Kila moja lilipolia aliubana mkono mzima wa shemeji yake, naye aliubana wake.

Gazeti la Jumamosi liliandika kwamba hakuna kilichopatikana.