Mierebi ya Kiwanda cha Zinki

Mierebi iliyoibwa ilikuwa ya mstari wa mwisho, ule unaopakana na barabara. Mwizi alijua alichokitaka. Alikata matawi yenye vitumba tu, vile vyeupe vyenye manyoya, mengine akayaacha.

Inspekta Irena Kubica alichuchumaa kwenye tope. Mikato ilikuwa safi, ya mshazari, kazi ya mtu wa bustani. Nyayo zilikuwa za viatu vya mpira, na cha kushoto kilikuwa kimeburutwa. Nyuma yake lilisimama bomba la moshi la kiwanda cha zinki, kiwanda kilichokufa zamani na kuwaachia watu wa Wilkowina ardhi isiyofaa hata kwa viazi. Ndiyo maana ilipandwa mierebi ya kuni za mtambo wa umeme.

"Umenitoa kitandani Jumapili kwa sababu ya kuni, Daktari?"

Daktari Raczek, mtaalamu wa shamba, hakucheka. "Si kuni za jikoni hizi. Mti huu unafyonza kadmiamu, ile metali ya sumu iliyoachwa na kiwanda, kutoka ardhini. Sisi tunauchoma kwenye tanuri lenye vichujio. Gome, majani, vitumba, vyote vina sumu. Kile kibao cha onyo pale si pambo."

"Sasa nani atataka vitumba vya..."

Irena aliinuka ghafla. Sajini Norbert, msaidizi wake, alikuwa tayari amekodoa macho.

"Afande, leo Jumapili ya Matawi."

Wilkowina nzima hubeba matawi ya mierebi siku hiyo. Misa ikiisha, kila mtu hung'oa kitumba kimoja kilichobarikiwa akakimeza, ili koo lisimsumbue mwaka mzima. Irena mwenyewe alivimeza tangu utotoni. Na saa hiyo mama yake na kaka yake, Alojzy, walikuwa kanisani.

"Washa gari," alisema.

Walikuta padri akitoa baraka ya mwisho. Irena alipita katikati ya kanisa na viatu vyake vya tope, akakichukua kipaza sauti.

"Msimeze vitumba! Matawi yote yawekwe hapa mbele. Yametoka shamba la kiwanda."

Kanisa lilivuma. "Polisi mpaka altareni! Haya hamna?" alifoka Bi Gertruda, kiongozi wa kina mama. "Na koo langu nitalitibu kwa nini, kwa pingu zako?"

"Kwa asali, Bi Gertruda. Weka chini."

Alojzy alikuwa tayari amekishika kitumba kati ya vidole. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado alifungwa kamba za viatu na mama yao. Madaktari walisema damu yake ilijaa madini ya risasi tangu utotoni. Yametoka wapi, nyumbani kwao halikuulizwa.

"Mama kasema nimeze."

"Nipe mimi, kaka."

Alimpa. Irena akamgeukia mama yake. "Matawi haya kaleta nani?"

"Mzee Ewald, kama kila mwaka."

Ewald Pytlik, msimamizi wa zamani wa kiwanda, ndiye aliyewagawia wafanyakazi bustani za mboga chini ya lile bomba, na familia ya Irena ilipata yake. Alojzy aliposikia jina hilo alisimama wima na kupaza sauti: "Asante kwa bustani, Mzee Ewald!" Mama yao alimfundisha hivyo, na hakuwahi kumwona mzee asiseme.

Mzee alikuwa benchi la mbele na mjukuu wake, Zuzia. Watu wote walikuwa bado wameshika matawi meupe. La Zuzia lilikuwa la kijani tupu, lisilo na kitumba, la ua wa nyumbani, limefungwa utepe mwekundu.

Irena alimwita Ewald kwenye chumba cha mavazi ya padri. Mzee aliingia akiburuta mguu wa kushoto.

"Umekata wapi?"

"Kijitoni, kama siku zote."

"Mierebi ya kijitoni ilikatwa vuli, barabara ilipopanuliwa. Nilikuwepo."

Mzee alitazama sakafu. "Haya, ya shambani. Kosa liko wapi? Ile ardhi haina kitu, binti yangu. Vibao vyao ni vya kutishia watu. Mama yako nimemwambia hivyo miaka yote."

Irena aliweka kitumba cha Alojzy mezani. "Basi meza."

Ewald alikichukua. Alikifikisha mdomoni. Kisha akakirudisha mezani.

"Zuzia hukumpa," alisema Irena. "Kina mama umewapa, watoto wa watu umewapa. Wako hukumpa."

Mzee alijifunika uso.

"Ningesemaje? Walikuja kuniuliza, matawi vipi mwaka huu? Nikisema sina, wangeniambia mbona yamejaa shambani. Nikisema yale yana sumu, wangeniuliza nilijua lini. Niliona aibu, Irena. Nikakata."

"Ulijua lini?"

"Toka mwanzo. Wakubwa walituambia sisi wasimamizi. Neno likitoka, kiwanda kinafungwa. Nikafunga mdomo, nikagawa bustani."

"Na bustani yako wewe ilikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya msitu. Moshi haufiki kule."

Irena alikumbuka mama yao akisimulia jinsi alivyomsagia Alojzy karoti za bustani ile, na jinsi mtoto alivyozipenda. Akakumbuka pia yeye, msichana wa shule, akivuka barabara ili wenzake wasijue kwamba yule mpumbavu wa mtaa ni kaka yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amemwonea haya asiye na kosa, na kumwamkia kwa heshima huyu aliyekaa mbele yake.

"Simama, Mzee. Twende kituoni."

Nje, watu walikuwa bado wamesimama uani. Hakuna aliyezomea. Alojzy alijipenyeza mpaka mbele, akavua kofia.

"Asante kwa bustani, Mzee Ewald."

Mzee aligeuza uso. Norbert alitaka kumsukuma mbele, Irena akamzuia.

"Mwitikie," alisema.

Ewald alifungua mdomo, akaufunga. Alojzy akabaki na kofia mkononi, akisubiri aambiwe karibu, kama siku zote.